Kiuno na gofu ya wikendi: jimu, kupanda mlima, fiziotherapia au mkanda? Wenye uzoefu Mbeya na Iringa karibuni

Baba Uyole

Wakuu, habari za mchana.

Kazi yangu ni ya kukaa ofisini hapa Mbeya mjini, umri umeshavuka 45, gofu nacheza ya ridhaa tu. Wikendi ikiruhusu tunachangia mafuta watu wanne, gari moja, hadi Mufindi kwenye uwanja ule wa mashamba ya chai. Tatizo ni kiuno. Mashimo ya mwanzo nakuwa sawa, mchezo ukikaribia nusu kinakaza upande wa kulia, na Jumatatu kuvaa soksi ni shughuli. Ganzi sina, maumivu hayashuki mguuni. Nimepimwa, nikaambiwa ni misuli, nikapewa diklofenaki na kuambiwa nifanye mazoezi. Mazoezi gani, sikuambiwa.

Ninazofikiria ni hizi: kujiunga na jimu, kupanda mlima Loleza kila Jumamosi, kwenda fiziotherapia pale Hospitali ya Rufaa ya Kanda, au kununua ule mkanda wa kiuno wanaouza maduka ya vifaa tiba. Pumzi nayo sina, kwa hiyo nikipata kitu kimoja cha kutibu yote mawili nitashukuru. Jioni napata nusu saa, siyo zaidi. Kuna aliyewahi kulinganisha?

Chuma Sae

Jimu mkuu, usihangaike. Kiuno kinauma kwa sababu hakina nguvu. Nyanyua chuma kutoka sakafuni, chuchumaa na chuma begani, miezi michache tu utaona hata mpira unaenda mbali zaidi. Yule bingwa wa gofu Rory McIlroy hana urefu wa kutisha, ila chuma ananyanyua kwelikweli, na mnaona mwenyewe anavyopiga.

Mnyalukolo wa Kihesa

Kamwene.

Chuma Sae, mtu kakwambia soksi tu zinamshinda halafu unamtwisha chuma begani?

Baba Uyole, anza kutembea. Loleza iache kwanza, tembea barabara tambarare. Kuna utafiti wa Australia uliochapishwa mwaka 2024 kwenye jarida la Lancet, uliofuatilia watu wazima 701 waliokuwa wametoka kupona maumivu ya kiuno. Kundi moja lilipangiwa kutembea, wakiongezewa taratibu hadi kulenga nusu saa mara tano kwa wiki, na mtaalamu akiwaelekeza. Kundi la pili likaachwa liendelee na maisha yake. Ukichukua mtu wa katikati kwenye kila kundi, waliotembea walikaa siku 208 kabla maumivu hayajarudi, wenzao 112. Na kutembea ni bure.

Halafu gofu yenyewe ni kutembea. Mashimo 18 kwa miguu ni kilomita nane hadi kumi, na Mufindi hakuna tambarare, juu karibu mita 1,900 kutoka usawa wa bahari. Pumzi ikikata, miguu inaacha kufanya kazi na kiuno ndicho kinabaki kuusukuma mpira. Kwa hiyo pumzi na kiuno ni ugonjwa mmoja huo, siyo miwili.

Fizio Nyanda

Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, nipo mikoa hii hii, kituo sitaji. Naomba niongee kwa kirefu kidogo kwa sababu swali hili linakuja mara nyingi.

Kiuno hakikuumbwa kuzunguka. Pingili zake tano kwa pamoja hazifiki hata digrii 20 za mzunguko. Sehemu za kuzunguka ni nyonga na mgongo wa juu wenye pingili 12. Mtu anayekaa kwenye kiti wiki nzima nyonga zinakaza, mgongo wa juu unapinda na kukakamaa, halafu Jumamosi anataka mwili uzunguke kwa kasi yote. Mzunguko lazima utoke mahali, unatoka kiunoni. Vipimo vilivyofanywa kwa wachezaji vilionyesha mgandamizo kwenye kiuno wakati wa swingi, yaani kuzungusha fimbo kupiga mpira, hufika karibu mara nane ya uzito wa mwili. Na wanaotumia mkono wa kulia mara nyingi wanaumia kulekule kulia, kama wewe.

Jipime nyumbani. Kaa kwenye kiti kirefu, magoti pamoja, peleka unyayo wa kushoto nje bila paja kunyanyuka. Fanya hivyo na wa kulia. Kwa mchezaji wa mkono wa kulia, nyonga ya kushoto ndiyo inayopokea mzunguko wote baada ya kupiga mpira. Ikiwa unyayo wa kushoto unasogea kidogo tu, kazi yako ya kwanza ipo hapo, na hakuna chuma cha jimu kitakachokuonyesha hilo.

Mazoezi ya nusu saa yako ni haya. Piga magoti na viganja sakafuni, nyoosha mkono wa kulia na mguu wa kushoto kwa pamoja, kiuno kisicheze, shikilia sekunde kama 10, badilisha. Lala ubavu, jiinue kwa kiwiko na magoti, ukizoea tumia kiwiko na nyayo. Lala chali, goti moja limekunjwa, viganja chini ya kiuno, inua kichwa na mabega kidogo sana, shingo usiivute. Hayo matatu yameenezwa na Stuart McGill, profesa wa Kanada aliyechunguza uti wa mgongo miaka mingi, na hayahitaji kitu zaidi ya mkeka. Kwa mgongo wa juu lala ubavu, magoti yamekunjwa na kubanana, mkono wa juu uufungue polepole kwenda nyuma mpaka bega likaribie sakafu. Mwisho beba ndoo ya maji ya lita 10 kwa mkono mmoja, tembea uani bila kuegemea upande, badilisha mkono. Ndoo hiyo inafundisha ubavu kukataa kupinda, na kwenye swingi utauhitaji.

Yafanye jioni. Asubuhi ukitoka kitandani diski zilizo katikati ya pingili zimenyonya maji usiku kucha, zimejaa, na kukunja kiuno wakati huo kunazibana zaidi.

Kwa hiyo nikilinganisha: kuja fiziotherapia mara chache mwanzoni ili upimwe na kusahihishwa, halafu nyumbani na kutembea. Jimu baadaye, ndiyo, nguvu inahitajika. Loleza ni nzuri kwa pumzi ila kushuka kunaumiza magoti na kiuno, subiri kwanza kitulie. Mkanda ni kama mkongojo: siku mbaya unakusogeza, ila haujengi misuli.

Baba Uyole

Ndaga sana. Nimejipima kwenye kiti hapa hapa ofisini, mguu wa kushoto hauendi popote, wenzangu wananishangaa. Diklofenaki je? Kuna rafiki anameza kimoja kabla ya kila mchezo.

Fizio Nyanda

Mwambie aache huo utaratibu. Dawa hiyo inaweza kuleta vidonda vya tumbo, kupandisha presha na kuumiza figo, hasa kwa watu wa umri wenu. Na inakuficha maumivu wakati yalikuwa yanakuambia usimame. Tumia kwa siku chache kama daktari alivyoandika, basi.

Mama Chai

Mimi ni mchezaji, nipo huku Mafinga. Mnamfundisha mazoezi lakini hakuna aliyemuuliza kuhusu safari. Kaka Baba Uyole, kutoka Mbeya mpaka ukate Nyololo ni zaidi ya kilomita 200, malori mengi, umekaa na magoti yamekunjwa saa kadhaa. Halafu mnashuka, kuna ukungu na baridi ya Juni, mtu anachomoa draiva, ile fimbo ndefu kuliko zote, moja kwa moja. Nawaona wageni kila mara. Simameni Makambako mnyooshe miguu, mkifika tembeeni robo saa, anzeni na fimbo fupi kwa nusu swingi, ndipo muende kwenye tii, pale pa kuanzia kupiga.

Swingi pia inarekebishika. Kunyoosha kidole cha mguu wa kushoto kidogo kuelekea unakolenga kunaipa nyonga nafasi ya kuzunguka. Ukirudisha fimbo nyuma, ruhusu kisigino cha kushoto kinyanyuke, bingwa wa zamani Jack Nicklaus alikuwa anafanya hivyo na ana mataji makubwa 18. Fupisha swingi pia. Utapoteza mita chache, ila Jumatatu utavaa soksi.

Begi la fimbo mpe kedi, kijana wa kubeba. Hela yake ni ndogo kuliko ya dawa na kijana naye anakula. Mpira ukiwa shimoni usijikunje kuuokota, shika fimbo kama tegemeo, inama kutoka nyonga na mguu mmoja uinuke nyuma.

Fimbo Ndefu

Mnamzungusha bure. Kama ni diski afanyiwe operesheni amalize. Tiger Woods aliungwa pingili mwaka 2017, mwaka 2019 akachukua taji kubwa la Masters akiwa na miaka 43. Ushahidi gani mwingine mnataka?

Fizio Nyanda

Fimbo Ndefu, ile ya 2017 ilikuwa operesheni yake ya nne ya mgongo, na baada ya Masters amerudi tena kisuni zaidi ya mara moja. Kuna wanaohitaji kisu kweli, ila mtu wa maumivu ya misuli tu hayumo. Hata MRI ikionyesha diski imetokeza, watu wengi wasio na maumivu yoyote wanazo diski za namna hiyo, na kadiri umri unavyokwenda ndivyo zinavyoongezeka.

Wakati wa kukimbia hospitali ni mwingine: mkojo au choo kukushinda kuzuia, ganzi sehemu za siri na mapaja kwa ndani, mguu kulegea, homa pamoja na maumivu ya mgongo, kupungua uzito bila sababu, au maumivu yaliyoanza baada ya kuanguka. Hayo usiyasubirishe hadi Jumatatu wala usiyatibu kwa kuchuliwa.

Mnyalukolo wa Kihesa

Na siku kikikaza, usilale kitandani wiki nzima. Tembea hatua ndogo ndogo ndani ya nyumba, hata kama ni kwenda kuchungulia sufuria.

Baba Uyole

Nimeamua. Fiziotherapia wiki ijayo, mkeka na ndoo jioni, kutembea asubuhi kutoka nyumbani mpaka viwanja vya Nane Nane na kurudi. Mkanda siununui. Mama Chai, safari ijayo gari itasimama Makambako, nimeshawaambia wenzangu, mmoja kagoma anasema tutachelewa tii.

Mama Chai

Huyo mpe zamu ya kuendesha, mwisho wa safari ndiye atakayeomba kusimama.

Chuma Sae

Sawa, ndoo nimeikubali. Ukifika lita 20 kila mkono bila kuinama, njoo jimu nikuonyeshe namna ya kunyanyua kwa nyonga bila kukunja mgongo. Siku ya kwanza hulipi.