Wauza spea wa mjini: mnatuuzia maboksi au mnatuuzia plagi?

Assalaam alaykum. Leo sina salamu ndefu, nina hasira. Uzi huu ni wa wauza spea na mafundi wao, wale ambao ukiingia dukani ukataja namba ya plagi unatazamwa utadhani umekuja kukagua leseni.

Gari yangu ni Toyota Caldina GT-T, ile yenye injini ya turbo ya 3S-GTE. Ikiwa stoku, yaani kama ilivyotoka kiwandani, inavaa plagi ya daraja la joto la 20 kwa hesabu za kampuni ya Denso, ambalo kwa wenzao NGK ni 6. Yangu busti (presha ya hewa ya turbo) imepandishwa, intakula ya kupoza hewa hiyo imebadilishwa, na kontroboksi imeprogramiwa upya. Kwa hiyo nataka 7, ya baridi zaidi. BKR7E, nikeli ya kawaida, sitaki makuu. Kijana wa kaunta: "Saba hatumii mtu hapa, chukua iridiamu uone moto wake." Nikakataa. Akaingia stoo akatoka na maboksi, yameandikwa BKR7E, nikalipa.

Nafika gereji Mwanakwerekwe nafungua boksi. Seramiki, ile sehemu nyeupe ya plagi, imeandikwa BKR5E-11. Boksi linasema saba, plagi ya ndani tano! Natazama vizuri, washa (ile ringi ya kuzibia) inavuka kwa kidole. Plagi ya kweli washa yake haitoki kirahisi hivyo. Nyuzi za kufungia zina makwaruzo, ncha ya kati imekaa upande, na nilipoipitishia kitambaa chenye petroli maandishi yakafutika. Yaani hata hiyo tano si tano. Ni feki iliyoigwa jina la watu, ikatiwa kwenye boksi la feki nyengine.

Nikarudi nayo. Jawabu nililopewa: "Yakhe, si plagi hizo hizo? Namba tu zinatafautiana." Halafu akanionesha karatasi ukutani, mali ikishauzwa hairudi.

Namba tu! Bwana wee, namba ndiyo plagi yenyewe. Ndiyo inayokwambia plagi inautoa moto kwa kasi gani kupeleka kwenye silinda hedi. Pua ya seramiki ikiwa ndefu, moto unakaa, hiyo ndiyo plagi ya moto. Ikiwa fupi moto unatoka haraka, hiyo ndiyo ya baridi. Cheche haihusiki, cheche ni ile ile. Ncha inatakiwa ifanye kazi baina ya nyuzi joto 450 hivi na 850. Chini ya hapo masizi hayaungui, yanaganda. Ukizidi juu, ncha inageuka kaa la moto na kuwasha mchanganyiko kabla ya wakati wake, na kwenye injini ya turbo hapo ndipo pistoni inapotobolewa. Sasa mtu anakutilia tano kwenye gari iliyopandishwa busti, tena yenye gapu, nafasi inayorukwa na cheche, ya milimita 1.1 (hiyo 11 ya mwisho ndiyo maana yake), ilhali kwenye busti kubwa unabana mpaka 0.7 hivi ili cheche isizimwe na presha. Pistoni ikitoboka nani analipa? Yeye na karatasi yake ya ukutani?

Na msidhani wanaoumia ni sisi wa turbo peke yetu. Dada yangu ana Toyota IST, injini ya 1NZ isiyo na turbo, stoku kabisa, safari zake Fuoni na Darajani. Kiwandani inavaa K16R-U11, ya Denso daraja la 16, na haina shida na mtu. Fundi akamshauri atie "za resi", akatiwa IK24. Kutoka 16 mpaka 24 ni madaraja matatu ya baridi, kwenye gari ya kwendea sokoni! Haikuchukua muda gari ikaanza kumiss asubuhi, taa ya injini ikawaka, mafuta yakawa hayakai. Fundi yule yule akataka kumuuzia koili. Nikazichomoa mie, nyeusi ti, masizi makavu kama chini ya sufuria, maana hazijawahi kupata moto wa kujisafisha. Tukarejesha K16, gari ikanyamaza. Plagi nzima zikiwa sawa rangi yake ni kahawia ya kupauka au kijivu, wala huhitaji mashine ya kupimia kuliona hilo.

Hayo ya iridiamu nayo tuyamalize. Iridiamu ni madini ya ncha. Ni magumu, kwa hiyo ncha inatengenezwa nyembamba, kwenye Iridium Power ya Denso ni milimita 0.4, wakati nikeli ya kawaida ni 2.5 hivi. Cheche inaruka kwa umeme mdogo zaidi, ncha hailiki haraka. Basi. Haiongezi hosipawa, na haikuvushi kutoka tano kwenda saba. Iridiamu ya daraja baya ni plagi mbaya ya bei kubwa. Mimi nimemuona fundi kwa macho yangu akiipiga gapu kwa kuigonga kwenye sakafu ya saruji, akaitazama juani, akasema "hapo tayari". Ncha ya 0.4! Fila geji, kipimo cha gapu, anayo, imo kwenye droo, inafungulia makopo ya rangi.

Na nyie wenye kusema "Bosch saba na NGK saba zote saba", acheni. NGK na Denso namba ikipanda plagi inazidi kuwa baridi. Bosch na Champion ni kinyume, namba ikipanda inazidi kuwa ya moto. Kuna majedwali ya kulinganisha, yanafunguka kwenye simu hizo hizo mnazoangalilia mpira.

Kwa upande wa wenye magari nako kuna vituko, nisiwaonee mafundi tu. Wewe uliyefunga egzosi pana na stika ya turbo kwenye gari isiyo na turbo, bado uko stoku, baki na namba ya kiwandani. NGK wenyewe wanakadiria daraja moja la baridi kwa kila hosipawa 75 mpaka 100 ulizoongeza. Mngurumo hauhesabiwi.

Mtu asinijie na "mbona unalalamikia vitu vidogo". Mkebe wa soda wenye tarehe ya jana mnaurudisha dukani kwa makelele, plagi ya feki mnasema riziki. Mie boksi na plagi nimeviweka pamoja kwenye mfuko na nakwenda navyo ZFCC, tume ya ushindani wa biashara ya Zanzibar. Lakini gari imesimama na nataka plagi wiki hii.

Kwa hiyo anayejua duka, Unguja au Pemba, linalomruhusu mteja kufungua boksi kaunta kabla hajalipa, aweke hapa lilipo. Picha iwe ya seramiki, washa na nyuzi, boksi sitaki kuliona. Na watu wa Chake mnambie BKR7E zinapatikana kwenu au la. Zikiwepo, napanda boti.