Kuagiza gitaa la umeme kwa fundi: mninga unafaa?

SoloKanyenye: Habari za jioni wakuu. Napiga solo kwaya ya kanisa hapa Tabora. Nimempata fundi anayetengeneza magitaa ya umeme moja moja kwa oda; anataka nusu ya hela mbele. Mjomba ana mbao za mninga zimekaa darini miaka mingi, bodi nataka itoke humo. Vidole vyangu vifupi, na sauti naitaka ile ya rumba, kali na inayong'aa. Tukubaliane nini kabla sijatoa hela?

SeremalaUjiji: Mninga ukikauka vizuri haupindi ovyo. Aupime unyevu hata hivyo. Ubao wa vidole, ule wa juu ya shingo, weka mpingo, ni mgumu, freti (vile vijiti vya chuma vya shingoni) zinashika.

BesiKigoma: Mdogo wangu, rangi baadaye. Anza na urefu wa uzi unaolia, toka juu ya shingo hadi kwenye daraja, pale nyuzi zinapokalia kwenye bodi. Gitaa aina ya Stratocaster ya Fender ni inchi 25.5, Les Paul ya Gibson inakaribia 24.75. Kwa vidole vifupi chukua fupi: freti zinakaribiana na nyuzi zinalegea kidogo. Ile ndefu inang'aa zaidi, kweli, ila pikapu (vinasa sauti vya chini ya nyuzi) za koili moja zitakurudishia sehemu kubwa ya mng'ao huo. Unene wa shingo uandikwe kwa milimita, maana "nyembamba" kila mtu ana yake. Na hela ya mwisho utoe ukishalipiga kwenye amplifaya.

SoloKanyenye: Shukrani kaka. Fupi, koili moja. Jumamosi nampelekea ubao mmoja aupime.