Gumzo la familia: Dada amekwenda tawini

Mimi: Shikamooni wakubwa. Tumerudi salama kutoka tawi la chama cha wagonjwa wa MS (multiple sclerosis, ugonjwa wa neva). Dada amejilaza, amesema niwaeleze mimi.

Mama: Marahaba mwanangu. Amechoka sana?

Mimi: Kiasi, Mama. Ila uso umekunjuka. Tangu aambiwe ni MS sijamwona hivi.

Mama Mkubwa: Marahaba. Niseme ukweli, moyo wangu ulikataa. Ana wiki 5 tu tangu aambiwe, mnampeleka akawaone waliokwisha kaa kwenye viti vya magurudumu. Si kumkatisha tamaa?

Mimi: Hata mimi niliogopa, Mama Mkubwa. Tulikuta watu 12. Wawili wako kwenye viti, mmoja ana fimbo, waliobaki ukipishana nao njiani hutajua wanaumwa. Mmoja ameishi na MS miaka 20 na bado anakwenda kazini.

Mjomba: Wanatoa dawa?

Mimi: Hapana Mjomba, dawa ni za hospitali. Mwenyekiti alilisema mapema: usiache dawa yako kwa sababu ya ulichosikia kwa mwenzako. Kinga ya mwili inashambulia utando unaofunika neva za ubongo na uti wa mgongo, na kila mtu ameumia pake. Huyu macho, yule miguu, mwingine kibofu.

Kaka: Sasa wao kazi yao nini hasa?

Mimi: Mambo ambayo hospitali hawana muda nayo, Kaka. Kuna mama wa kujitolea anayesaidia kujaza fomu za kuomba msaada tu. Fomu inauliza "unaweza kutembea?" Dada angejibu ndiyo, basi. Yule mama akamwambia aandike siku yake mbaya ilivyo, na baada ya kutembea analazimika kulala muda gani. Halafu wana mfuko mdogo, unaomba, kamati inakaa, inachangia vishikio vya bafuni au njia ya mteremko mlangoni. Mazoezi na mtaalamu wa viungo kila Jumanne. Wana hata vizibao vya kupoza mwili vya kuazima, maana joto huzidisha dalili.

Mama: Joto! Ndiyo maana akioga maji ya moto macho yanaingia ukungu?

Mimi: Ndiyo, Mama. Mwili ukipoa ukungu unaondoka.

Dada: Nimeamka. Mimi kilichonigusa si vizibao. Nilianza kueleza uchovu, sikumaliza. Baba mwenye fimbo akamalizia yeye: unaamka kana kwamba hukulala, mikono kama imefungwa mawe. Nikalia. Nyumbani mnanipenda, lakini mnaniambia pumzika, na huu uchovu kwa kupumzika hautoki wote.

Mama: Nisamehe mwanangu. Juzi nilisema ni simu za usiku.

Dada: Hukujua, Mama.

Mjomba: Nilisoma habari ya Sylvia Lawry wa Marekani. Kaka yake alikuwa na MS. Mwaka 1945 akaweka tangazo kwenye New York Times, akimwomba yeyote aliyepona amwandikie. Waliomwandikia walikuwa wagonjwa na ndugu zao, nao wanatafuta jibu hilohilo. 1946 akaanzisha chama.

Dada: Kumbe ni ndugu wa mgonjwa aliyeanza.

Mama Mkubwa: Na sisi tunaouguza, tuna nafasi hapo?

Dada: Mna kikao chenu, Jumatano moja kila mwezi. Sisi wagonjwa hatuingii, ili mseme msiyoweza kusema mbele yetu.

Mama: Nitakwenda.

Mama Mkubwa: Twende wote, mdogo wangu.

Kaka: Nami naweza kuendesha gari. Wanahitaji?

Dada: Sana. Ila wanaomba mtu asiahidi asichoweza, Kaka. Dereva akikosa, kuna mtu anakosa mazoezi ya wiki nzima.

Kaka: Jumanne niko huru kuanzia saa 8 mchana. Nitumie namba ya mratibu.