Kurekodi HD kwa ajili ya DVD ya skrini pana: fremu ipangwe vipi?

Kamera ya Mwaloni
Wakuu, habari za jioni. Nimepewa kazi ya kurekodi ngoma za Wasukuma kule Bujora, Kisesa, na mwenye kazi anataka DVD kwa sababu wazee wake wa Ukerewe bado wanatumia deki. Kamera yangu inarekodi HD, yaani pikseli 1920 kwa 1080, ilhali DVD ya mfumo wetu wa runinga, PAL, ni 720 kwa 576. Naona njia tatu: kuibana picha nzima ya 16:9 (upana kwa kimo), kukata pande ili ijaze runinga ya 4:3, au kukata kidogo kwa 14:9 na kuacha mistari myeusi myembamba juu na chini. Aliyewahi kuzijaribu anisaidie.

Mhariri wa Ilemela
Usikate kwa 4:3, mkuu. Utabaki na upana wa pikseli 1440, yaani umetupa 240 kila upande, na bugobogobo, ngoma ya Wasukuma ya majembe, huchezwa kwa safu. Mimi nilikata hivyo mwaka mmoja: jembe lilikuwa linarushwa na kurudi chini pembeni mwa picha, lakini aliyelishika haonekani. Mama wa kijana yule aliitazama DVD hadi mwisho, kisha akaniuliza mwanawe alikuwa wapi. Sijakata pande tena tangu siku hiyo.

Fundi Nansio
Naunga mkono. Pikseli za DVD si za mraba, kwa hiyo picha nzima ya 16:9 hubanwa ndani ya 720 kwa 576, na diski hubeba alama inayoiambia deki iinyooshe. Kwenye flati inajaa kioo chote. Kwenye runinga ya chogo, deki iliyopangwa vizuri huiweka katika mistari 432 kati ya ile 576 ya kimo cha picha, na kuacha 72 nyeusi juu na 72 chini. Ukisahau kuweka alama hiyo wakati wa kutengeneza diski, watu wote watarefuka kama mianzi.

Kirumba Studio
Naomba kutofautiana kidogo. Kwa chogo ya inchi 14, mistari 432 ni michache, na 14:9 hukupa takribani 494 kwa kupoteza pikseli 120 tu kila upande. Mzee mwenye macho hafifu huiona tofauti hiyo.

Fundi Nansio
Ni kweli kwa chogo, lakini mjukuu akinunua flati, DVD hiyo ya 14:9 iliyowekwa ndani ya 4:3 itazungukwa na weusi pande zote nne, na diski haibadiliki tena.

Dada wa Capri Point
Mnazungumzia kingo, ila kinachoumiza zaidi ni udogo wa nyuso. Uso wenye mistari 108 kwenye HD hushuka hadi 57 hivi kwenye DVD. Nilirekodi mitumbwi ya dagaa usiku kwa picha pana, na kwenye kamera niliwaona wavuvi mpaka vidole vyao kwenye wavu. Kwenye DVD zilibaki taa tu juu ya maji. Tangu hapo picha pana naichukua mara moja kuonyesha mahali, kisha nasogea hadi kifua na uso. Majina nayo yaandikwe kwa herufi nene, kwani mistari myembamba ya kulala hutetemeka kwenye chogo. EBU, umoja wa watangazaji wa Ulaya, hushauri maandishi yakae ndani kwa asilimia 5 kutoka kila ukingo. Mimi huacha 10, kwa sababu chogo humeza kingo.

Kamera ya Mwaloni
Nashukuruni sana. Nitabana 16:9 nzima, kiongozi wa ngoma nitamweka ndani ya zile pikseli 1440 za katikati, na kamera ya pili nitaisogeza karibu na nyuso. Je, nirekodi 1080i (mistari inayopishana) au 1080p (fremu nzima nzima)?

Mhariri wa Ilemela
Rekodi 1080p kwa fremu 25 kwa sekunde. Ukipunguza 1080i bila kuondoa kwanza mistari iliyopishana, jembe linalozunguka litatoka na meno kama ya kitana.