Mitaa isiyotokea huko Goba: inaweza kuunganishwa nyumba zikishajengwa?

Mkazi wa Goba: Wadau, naomba ushauri. Eneo letu la pembezoni mwa Dar es Salaam lilikuwa mashamba, yakauzwa vipande vipande, na kila mwenye shamba akachonga njia yake kutoka barabara kuu hadi mwisho wa kipande chake, bila kutokea upande wa pili. Matokeo yake, shule iliyo nyuma ya ukuta wa jirani, ambayo kengele yake naisikia nikiwa sebuleni, haifikiki ila kwa kushuka hadi kwenye lami, kuifuata, kisha kupanda kwa njia nyingine, watoto wakipishana na bodaboda. Je, kuna namna ya kuunganisha mitaa hii bila bomoabomoa?

Mpimaji: Ndugu, ipo, lakini msianze kwa kutaka kunyoosha kila kichochoro. UN-Habitat, shirika la Umoja wa Mataifa la makazi, hupendekeza angalau asilimia 30 ya ardhi ya mji iwe ya mitaa. Kwenu kiwango hicho hakifikiki tena, kwa kuwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inadai fidia kamili kwa atakayetwaliwa ardhi. Tafuteni mahali ambapo njia mbili zinaishia kwenye ukuta mmoja. Upenyo wa mita 2 hapo humtosha mtembea kwa miguu, na humfaa kuliko lami juu ya njia isiyotokea. Hakikisheni unaingizwa kwenye ramani ya urasimishaji (upimaji wa makazi yaliyojengwa bila mpango) kabla ya bikoni, yaani alama za mipaka ya viwanja, kuwekwa, la sivyo mmiliki ajaye ataufunga.

Mama Madale: Naafiki, ila gari la zimamoto na lile la kunyonya maji taka hayapiti mita 2, hivyo walau kiungo kimoja kiwe cha magari. Tena huku Madale mashamba yangali yanakatwa, na madalali huhesabu njia kuwa ni hasara. Watazame Kariakoo: ghorofa zimepanda juu ya viwanja vya nyumba za chini, na mitaa iliyopimwa mraba kwa mraba tangu enzi za ukoloni ndiyo inayobeba biashara yote ile.

Mkazi wa Goba: Ahsanteni. Na huyo wa kutoa mita 2 atakubalije?

Mpimaji: Gawaneni upana huo kati ya viwanja viwili vinavyopakana, wanufaika wachangie gharama ya kuujenga ukuta upya, na makubaliano yaandikwe mbele ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa.