Poda ya kuzuia myostatini, itamsaidia mdogo wangu?

Dulla_T
Wakuu habari za jioni. Mdogo wangu ana miaka 9, madaktari wamesema ni Duchenne, misuli inaisha kidogo kidogo. Akikaa chini, ili anyanyuke lazima ashike magoti halafu apandishe mikono mapajani mpaka asimame, naumia kila nikimwona. Sasa kuna jamaa wa jimu anauza poda anasema inazuia myostatini, ile protini inayozuia misuli kukua, kopo moja karibu nusu ya mshahara wangu. Ni kweli au napigwa?

FizioKanda
Pole sana ndugu yangu. Usinunue. Myostatini ipo kweli, misuli yenyewe ndo inaitengeneza ili ijiwekee breki isikue kupita kiasi, Se-Jin Lee na Alexandra McPherron wa Marekani waliitangaza 1997, waliharibu jeni yake kwenye panya wakapata panya wenye misuli kama mara mbili. Ila dawa za kuizuia zilizojaribiwa kwa wagonjwa zilikuwa za sindano au dripu, maana protini ukiimeza tumbo linaisaga kama maharage tu.

mfugaji wa Iringa
Ndo maana ng'ombe wa Belgian Blue wako vile, jeni hiyo kwao ni mbovu. Mapaja yamejaa balaa lakini ndama anakuwa mkubwa, wengi wanazaa kwa kupasuliwa.

Dulla_T
Na yule mtoto wa Ujerumani? Jamaa kanambia alikuwa na miaka minne na nusu ananyoosha mikono na vyuma vya kilo 3.

FizioKanda
Yule ni kweli, iliandikwa 2004, ila kazaliwa hivyo, jeni yake ya myostatini haifanyi kazi, na misuli yake ni mizima. Mdogo wako anakosa distrofini, protini inayokinga misuli, nyuzi za misuli zinachanika kila akizitumia, sasa ukilegeza breki mchaniko uko palepale. Kampuni ya Pfizer walijaribu domagrozumab, dawa ya kuzuia myostatini, kwa watoto wa Duchenne, 2018 wakasimamisha, haikuwasaidia. Hela hiyo mpeleke kliniki, ulizia dawa ya prednisoloni, apimwe na moyo. Na mnyoosheni miguu kila siku, vifundo vikikaza ataanza kutembelea vidole.

Dulla_T
Anatembelea vidole tayari. Namnyooshaje?

FizioKanda
Alale chali, goti limenyooka. Shika kisigino kwa kiganja, unyayo uegemee upande wa ndani wa mkono wako, sukuma unyayo taratibu kuelekea kwake, hesabu mpaka 15, achia, rudia. Akisema inauma punguza. Kesho mwambie daktari kuhusu hivyo vidole, usisubiri tarehe ya kliniki.