Dada yangu hataki hata kusikia habari za saratani, nimshawishije akapime?

Habari zenu ndugu zangu, naomba ushauri.

Dada yangu mkubwa ana miaka 46 na hajawahi kupima saratani ya mlango wa kizazi. Anajua kipimo kipo, ila hataki kujua zaidi ya hapo. Redio ikigusia saratani anahamisha stesheni. Kipeperushi nilichomwachia mezani nilikikuta kimegeuzwa, kimefunikia glasi ya maji. Shangazi yetu alifariki kwa ugonjwa huu, nadhani hofu ilianzia hapo. Kauli yake ni moja tu: "Ukitafuta ugonjwa utaupata."

Nimemweleza kwamba kipimo hutafuta virusi vya HPV (ndivyo husababisha saratani hii) au mabadiliko ya awali ya seli, ambayo kwa kawaida huchukua miaka mingi kufikia saratani na yakiwahiwa yanatibika. Anakunja uso na kuondoka. Takwimu nimeacha kumtumia, naona zinamtisha tu. Nikizidi kumsukuma nahofia atanikwepa na mimi, na tumeshibana sana.

Shirika la Afya Duniani linakubali mwanamke ajichukulie sampuli mwenyewe kwa kipimo cha HPV. Hili bado sijamwambia.

Kwa mliowahi kuishi na mtu wa namna hii, ni nini hasa kilimlainisha: kusindikizwa, kusikia kwa aliyekwisha kupima, au maneno ya mhudumu wa afya? Na hilo la kujichukulia sampuli nianze nalo, au nisubiri aulize mwenyewe?

Natanguliza shukrani.